KAYE YA BARABARA: SABABU GANI TUNAHESABU WENYE KUTEMBEA NA WENYE MAKINGA



Wengi wenu mulituona tukikaa pembeni ya barabara kubwa, chini ya ule muti wa muembe, na kaye ku magoti na telefone mukononi. Wengine mulicheka. Wengine mulisema tumegeuka polisi. Mutoto mumoja wa darasa la 7 alituuliza na huruma kama ni azabu Bwana Prefe alitupatia. Hapana, haikuwa azabu. Ni kazi tuliyoichagua sisi wenyewe wa darasa la tatu ya humanite pamoja na mwalimu wetu wa hesabu. Tunapenda kuwaeleza hapa ni kazi gani, ilitoka wapi, na sababu gani tunaomba iendelee hata wakati sisi tutakuwa tumeondoka.

Ilianza na jambo baya. Mwaka wa masomo uliopita, kisha mvua za kwanza, dada yetu mumoja aligongwa na moto wakati alikuwa anavuka kurudi kwao. Hakukufa. Lakini alikaa nyumbani muda murefu, alipoteza mwaka, na mpaka leo anatembea akivuta muguu. Mwenye moto alikimbia. Wazazi walilipa hospitali. Hakuna mahali walikwenda kushitaki, maana baba yake alisema: "Nitamushitaki nani? Moto haikuwa na namba."

Siku tulikwenda kumusalimia, tuliporudi tulianza kuzungumuza katika darasa. Mumoja akasema: "Ni pale pale kaka yangu aliangushwa na kinga yake." Mwingine akasema: "Mama mwenye kuuza mikate, yeye pia ni pale." Kila mutu alikuwa na habari yake, na karibu habari zote zilirudi mahali pamoja: pale njia ndogo ya kartye inatokea barabarani, katikati ya meza za wauzaji na kamyo zenye kusimama. Tukaanza kuhesabu na vidole, vidole vikatuishia. Halafu mwalimu akatuuliza swali moja tu: "Haya yote, yameandikwa wapi?"

Hayakuandikwa mahali popote. Kila jamaa ilijua jambo lake moja. Hakuna mutu aliyejua yote.

Mambo makubwa yanaandikwa, hilo ni kweli. Mwaka 2019, mwezi wa pili, kamyo yenye kubeba asidi iliangukia motokari ingine kule Kabwe, ku barabara ya kati ya Kolwezi na Lubumbashi, watu karibu 20 wakafa, na dunia yote ilisikia. Lakini mutoto mumoja akigongwa leo, mwenye makala mumoja kesho kutwa, mama mumoja mwezi unaokuja, hakuna mwandishi wa gazeti atakayefika. Mukiwaweka pamoja, wale wa mumoja mumoja wanakuwa wengi kupita wale wa siku moja. Ni vile dunia yote inaendelea. Shirika la Afya la dunia (OMS) lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na 190.000 walikufa barabarani. Katika kila watu 100 waliokufa, 23 walikuwa wanatembea kwa miguu, na 6 walikuwa juu ya kinga. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, ni kusema kwa sisi wenyewe tunaosoma karatasi hii, barabara ndiyo inaua kupita ugonjwa wowote.

Kwa Afrika jambo linashangaza zaidi. Bara letu, kwa hesabu ya OMS, liko na watu 15 kwa mia ya dunia, na motokari 3 tu kwa mia. Lakini mutu mumoja katika watano wenye kufa barabarani ulimwenguni anafia huku. Kwa hiyo si wingi wa motokari unaotuua. Tuko na motokari kidogo, na watu wengi wenye kutembea pembeni yao bila njia yao wenyewe.

Sasa mutauliza: kama OMS imehesabu, sisi tunahesabu nini tena? Kuko sababu. Hesabu ya inchi nzima inasema ni wangapi, haisemi ni wapi. Waziri anaweza kuisoma na kuhuzunika, lakini hawezi kujua ni ku muembe gani atie mawe. Tena mara mingi hesabu ya dunia inatengenezwa kwa kukadiri, kwa sababu zile zinazotoka ku inchi haziko kamili. Na wale wanaopotea katika hesabu si watu wa namna yote. Motokari mbili zikigongana katikati ya muji, polisi anafika, anapima, anaandika, maana kuko mali ya kulipa. Mwenye kinga akiangushwa katika kartye za pembeni, watu wanamuinua, wanamupa mayi ya kunywa, wanabishana kidogo, mambo yanaishia pale. Akipelekwa hospitali, munganga anaandika "muguu umevunjika". Hiyo ni kweli, na ni kazi yake. Lakini mahali hapakuandikwa, na ni mahali ndipo tunapatafuta. Na akifia nyumbani kisha majuma matatu? Kanuni ya OMS inasema mutu akikufa katika siku 30 kisha kugongwa, ahesabiwe kama barabara ndiyo ilimuua. Kwetu watasema alikufa na kidonda.

Mwalimu wetu alitueleza habari ya zamani ambayo ilitusaidia sana kufahamu. Mwaka 1854, muji wa London, kule Uingereza, uliingiwa na kolera. Sisi wa Katanga kolera tunaijua, si lazima kueleza. Wakati ule wakubwa wengi walifikiri inaletwa na harufu mbaya ya hewa. Munganga mumoja, John Snow, hakubishana nao kwa maneno matupu. Alikwenda nyumba kwa nyumba katika kartye ya Soho, akiuliza ni nani amekufa na walikuwa wanakunywa mayi ya wapi. Kisha alitia alama ya kila aliyekufa juu ya karata ya kartye. Alama zilijikusanya kuzunguka pompi moja, ile ya Broad Street. Wakubwa wa mahali pale wakakubali kutoa mukono wa pompi, watu wasiweze kuchota tena. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupunguka hata mbele ya siku ile, Snow mwenyewe alisema hivyo, na tunapenda mujue, sababu watu wengi wakisimulia habari hii wanaacha sehemu ile. Lakini karata yake ilionyesha jambo ambalo kila jamaa peke yake haikuweza kuliona.

Tukasema: basi, muembe wetu ni pompi yetu.

Tusifikiri lakini kwamba ni wazungu peke yao walifanya kazi ya namna hii. Mufano unaotufaa zaidi uko karibu, ku Dar es Salaam, Tanzania. Shirika moja, jina lake Amend, liliona kwamba makaratasi ya polisi hayatoshi kujua watoto wanaumia wapi. Likatuma watu nyumba kwa nyumba, katika kartye zenye kuzunguka masomo ya primere, kuuliza wazazi: katika mwaka huu, mutoto wako aliumizwa barabarani? Wapi? Alikuwa anafanya nini? Waliuliza habari za watoto kupita elfu kumi. Walichagua masomo ambako watoto wengi walikuwa wanaumia, wakayatengenezea njia. Si vitu vya ajabu: dodane (kile kilima kidogo cha kupunguza mbio), njia ya miguu pembeni, mistari mieupe ya kuvukia, nguzo za kuzuia motokari zisipande pale watoto wanapita, alama za barabarani. Mahali pengine walihamisha mulango wa masomo, usitokee tena ku barabara kubwa bali ku njia ndogo. Halafu, na hapa ndipo tulijifunza zaidi, walirudi tena kuuliza nyumba kwa nyumba kisha kazi, na waliuliza pia kule ambako walikuwa hawajajenga kitu.

Sababu gani kuuliza kule ambako hawajajenga? Fikirini. Tuseme katika masomo yetu mwaka huu hakuna mutoto anayegongwa. Ni juu ya kazi yetu? Ao ni bahati? Ao ni kwa sababu mvua zilikuwa kidogo, ao bei ya esanse ilipanda na moto zikapunguka? Bila kuwa na masomo mengine ya kulinganisha, hatuwezi kujua. Watu wa Dar es Salaam walilinganisha, na habari hiyo ilitangazwa katika gazeti la elimu mwaka 2019: watoto wenye kuumia walipunguka karibu robo, na mbio za motokari zilipunguka sana mbele ya masomo. Robo si wote. Lakini katika kila watoto wanne ambao wangeumia, mumoja sasa anakwenda darasani na miguu miwili mizima.

Mufano mwingine unatoka Ghana. Ku barabara kubwa ya Accra na Kumasi kuko mahali panaitwa Suhum, ambapo njia zinakutana na watu walikuwa wanakufa mara kwa mara. Walitia pale mistari ya kupanda juu kidogo yenye kutikisa motokari, ili shofere apunguze mbio, apende asipende. Kutoka mwezi wa kwanza wa 2000 mpaka mwezi wa ine wa 2001 ajali zilipunguka kwa 35 kwa mia hivi, na watu wenye kufa kwa 55 kwa mia hivi. Muone gisi vifo vilipunguka kupita ajali. Ni kusema motokari ziliendelea kugonga, lakini pole pole, na mutu anayegongwa pole pole anainuka.

Juu ya mbio hizi tulifanya hesabu katika darasa, na tunapenda muifanye pia, msituamini bure. Shofere akiona mutoto, inapita karibu sekunde moja mbele ya muguu wake kugusa freni. Katika sekunde ile motokari inaendelea kama vile hakuna neno. Motokari yenye kwenda kilometa 30 kwa saa inatembea karibu metre 8 katika ile sekunde, halafu, ikiwa freni ni nzuri na gudroni imekauka, inahitaji karibu metre 5 kusimama. Jumla 13. Ile ya kilometa 60 inatembea karibu metre 17 katika sekunde ya kwanza, na freni zinahitaji tena metre 20 hivi. Jumla inapita 36. Mbio ni mara mbili, lakini njia ya freni ni mara ine, kwa sababu katika kanuni mbio zinazidishwa na zenyewe.

Sasa weka mutoto metre 20 mbele. Motokari ya 30 inasimama na nafasi inabaki. Ile ya 60 inamufikia ikiwa bado na mbio ya kilometa karibu 55 kwa saa, ni kusema freni hazijafanya karibu kitu. Mwalimu alitufanyisha hesabu hiyo mara mbili maana hatukukubali mara ya kwanza. Na hiyo ni motokari ndogo, na freni nzuri, ku ukavu. Kamyo yenye kutoka Likasi na shaba mugongoni kwenda Kasumbalesa, wakati wa mvua, hatukuthubutu kuihesabu.

Tulihitaji basi kujua mbio za kweli mbele ya masomo yetu. Hatuna mashine ya polisi. Lakini mashine haitakiwi. Pima metre 50 na kamba pembeni ya barabara, tia jiwe lenye chokaa ku kila mwisho. Mumoja anakaa ku jiwe la kwanza na anashusha mukono wakati gurudumu inapita, mwingine ku jiwe la pili anatazama sekunde ku telefone. Sekunde 6 ni kilometa 30 kwa saa. Sekunde 3 ni kilometa 60. Gawanya 50 na sekunde, zidisha na 3,6, hesabu imekwisha. Mutoto wa darasa la 8 anaweza.

Kuko neno moja la kuangalia, na sisi tulikosa siku ya kwanza. Tulisimama wazi wazi na mashati yetu mieupe, wote sita, na kaye mikononi. Mashofere walituona mbali, wakafikiri tuko wa polisi, wakapunguza mbio wote. Siku ile kwa kaye yetu barabara ilikuwa ya malaika! Mwalimu alicheka, akatuambia tupasue ule ukurasa. Siku ya pili tulikaa nyuma ya meza ya mama wa mikate, na ndipo tuliona mambo kama yalivyo.

Kaye yenyewe iko namna hii. Kila habari inaandikwa ku mustari mumoja: siku, saa, mahali (kati ya nini na nini, si "barabarani" tu), nani aliyegongwa ao aliyeponea karibu, kwa miguu ao juu ya kinga ao anasukuma kinga, umri kwa kukadiri, kitu gani kilimugonga, kulikuwa mwangaza ao giza, mvua ao ukavu, na ni nini kilitokea. Majina hatuandiki. Namba za motokari hatuandiki pia. Wenzetu wengine hawakukubali neno hilo, walisema: "Tunaacha wakosaji waende bure?" Lakini tuliona kwamba siku tutaanza kuandika majina, hakuna mutu atakayetueleza kitu tena. Mwenye moto atakimbia, mama wa mikate atanyamaza, na kaye itakuwa kaye ya mashitaka. Sisi hatutafuti nani ana kosa. Tunatafuta mahali gani pana kosa.

Tunaandika pia wale walioponea karibu. Hili ni la maana sana, sababu kugongwa kabisa ni mara chache, na kungoja watu waumie ili kupata hesabu ya kutosha ni ukatili. Moto ikipiga freni mpaka kulia, mutoto akiruka nyuma, mwenye kinga akijitupa mu mufereji, tunaandika.

Na sasa habari ya wenye makala, ambayo ilitubadilisha mawazo zaidi ya zote.

Munawajua wale wazee na vijana wenye kutoka porini na makinga yao, na mifuko ya makala mitatu, mine, mirefu kupita mutu. Sisi wote tulikuwa tunasema kama mashofere: hawa watu ni wabishi, wanapita juu ya gudroni, hawataki kujitenga pembeni. Katika kaye tulitia alama pale kila mumoja anapanda juu ya gudroni na pale anashuka. Kisha siku chache tulitazama alama, na hazikutapanyika. Karibu wote walipanda mahali pamoja na walishuka mahali pamoja. Tulikwenda kutazama pale kwa macho. Pembeni ya gudroni mayi ya mvua yamekula udongo mpaka kuko shimo la kina cha mukono muzima. Mutu mwenye mifuko mine ya makala akiingia mule, kinga inageuka na inamuangukia. Hakupanda juu ya gudroni kwa ubishi. Hakukuwa njia ingine.

Mumoja wao, muzee, alisimama kupumzika karibu yetu. Aliuliza:

"Batoto, muko munaandika nini? Muko ba serikali?"

"Apana papa, tuko ba masomo. Tunahesabu makinga, na pale yanaangukaka."

Alitutazama kwa muda. Akasema: "Mi niko napita hapa tangu mbele muzaliwe. Hakuna mutu aliniulizaka, ata siku moja." Halafu akatuonyesha na kidole mahali patatu tulikuwa hatujaandika, kule mbele zaidi, na ku kila mahali alijua ni nani aliangukia pale. Yule muzee alikuwa na kaye yetu yote katika kichwa chake. Tangu siku ile hatukai tu kutazama, tunauliza pia. Watu wenye kupita kila siku wanajua kupita sisi wenye kuhesabu saa mbili.

Kuko hesabu ingine ambayo iliamsha mabishano makali katika darasa, na tunawaachia muibishanie. Huu ni mufano wa kufikiri tu, si hesabu ya kaye. Tuseme mahali A wanavuka watu 100 kwa saa, na 4 wanaponea karibu. Mahali B wanavuka watu 1000, na 8 wanaponea karibu. Wapi ni hatari zaidi? Mwenye kutazama haraka anasema B, maana 8 inapita 4. Lakini mutu mumoja anayevuka ku A ana hatari mara tano kupita yule wa ku B. Kwa hiyo lazima kuhesabu wenye kupita wote, si wenye kuumia peke yao. Basi tukiwa na simenti ya dodane moja tu, tuiweke wapi? Wavulana wengi walisema A. Lakini dada mumoja alisema: ku B, dodane itaokoa watu zaidi kila siku, hata kama kila mumoja ana hatari kidogo. Na mwingine akauliza: hao wanaovuka ku A ni kidogo, ao ni wengi wanaotaka kuvuka lakini wanaogopa, wanazunguka mbali? Swali lile hesabu peke yake haijibu. Tulikwenda kuuliza nyumba za karibu, na ni kweli, kuko wamama ambao wanakataza watoto kupita pale kabisa. Mahali pasipo na ajali, mara ingine ni mahali ambapo watu wameshindwa.

Kitu ambacho kaye ilituonyesha wazi katika masomo yetu wenyewe ni saa. Asubui hakuna matata mingi, watoto wanafika mumoja mumoja. Matata ni wakati wa kutoka mangaribi. Wote wanatoka pamoja ku mulango mumoja, mulango unatokea moja kwa moja barabarani, na ni saa ile ile jua linashuka katika macho ya mashofere. Katika mwezi wa tano na wa sita, wakati wa baridi, watoto wanavaa triko nyeusi juu ya shati jeupe, na katika giza ile hawaonekani tena.

Tulitengeneza karata ya barabara ku karatasi kubwa, na alama nyekundu kwa walioumia, alama za manjano kwa walioponea karibu. Tuliitengeneza mara mbili. Ya kwanza tuliipeleka ku biro moja ya muji. Walitupokea na heshima, wakatia tampo, wakasema itatazamwa. Tulirudi mara mbili, bado inatazamwa. Tulijifunza pale neno ambalo tungepaswa kulijua mbele: katika inchi yetu barabara zenye kuunganisha miji ni kazi ya Office des Routes, na njia za ndani ya muji ni kazi ya Office des Voiries et Drainage. Mwenye kupeleka karatasi aanze na kuuliza barabara ile ni ya nani, ama atatembea bure. Sheria yenyewe iko, inchi ilipata sheria ya barabara tangu mwaka 1978. Dodane lakini haitoki katika sheria peke yake. Tena tusichimbe dodane sisi wenyewe usiku, kama wengine walivyoshauri. Dodane isiyo na alama, mwenye kinga ndiye wa kwanza kuiangukia.

Karata ya pili tuliitundika katika biro ya Bwana Prefe. Tunasema kweli, tulikuwa na woga kidogo, maana alama mingi zilikuwa mbele ya mulango wa masomo yake. Alisimama kuitazama muda murefu, bila neno. Halafu aliuliza: "Ule mulango mudogo wa nyuma, kwa shamba la mihogo, ufunguo wake uko na nani?" Hakuna mutu aliyejua. Mulinzi wetu alitafuta siku mbili, mwishowe wakakata kufuli.

Kwa hiyo tangu juma mbili, kama munavyojua, wale wa kartye ya juu wanatoka kwa mulango wa nyuma, na wenye kuvuka barabara wanangoja dakika kumi mpaka wengine wapungue, kisha wanavuka pamoja na mwalimu wa zamu. Tunajua wengi wananungunika, hasa juu ya zile dakika kumi na juu ya matope ya shamba. Komite ya wazazi imeahidi mawe ya kutia mule. Kama mulango wa nyuma umepunguza hatari ao umeihamisha tu mahali pengine, hatujui bado. Tutahesabu miezi mitatu, siku zile zile, saa zile zile, chini ya muembe ule ule, na pia ku mulango wa nyuma, maana kuko moto ambazo zimegundua njia ile. Kaka zetu wa masomo ya jirani, ambao mulango wao haukubadilika, wamekubali kuhesabu kwao pia ili tulinganishe.

Dada yetu mwenye kuumia amerudi darasani mwaka huu. Ni yeye anayeshika saa ku jiwe la pili, sababu anaweza kukaa, na hakosei sekunde.

Kaye inakaa katika biblioteke, ku meza karibu na mulango, na biki imefungwa na kamba. Yeyote aliyeona jambo barabarani, hata jambo dogo, mwanafunzi ao mwalimu ao mama wa kupika, aandike siku ile ile, mbele ya kusahau. Tunahesabu siku ya pili na siku ya tano, kutoka saa 10 na nusu mpaka saa 12 ya mangaribi. Tunahitaji watu wane zaidi, wawili wakiwa wa darasa la 7 ao la 8, maana sisi mwaka kesho tuko na egzame ya Dola. Wenye kuja wavae triko ya rangi ya udongo, na wasikae wazi.